Samaki wa Baba na Magoti ya Shangazi Kalenga

Sisi tuliokulia Kamina kabla pikipiki hazijajua njia ya kuja kwetu tulikuwa watu wa kulala kifudifudi. Mjukuu wangu analala chali, simu juu ya pua, anamtazama mtu asiyemjua akicheza ngoma katika mji asioujua, na anacheka peke yake. Sisi tulilala tumbo chini ukingoni mwa bwawa, kidevu kwenye matope, tukiwatazama samaki, na tulicheka wawili. Wenzangu wa rika langu, nyinyi mliobakiza meno ya kuchekea, semeni wenyewe nani alifaidi.

Miaka ile ya hamsini, enzi za Wabelgiji, mji wetu ulikuwa mji wa reli. Alfajiri king'ora cha dipo, karakana ya reli, kililia, wanaume wakatoka na mikebe yao ya chakula, na moshi wa mashine ukaja kutulia juu ya nguo ambazo mama zetu walikuwa wamezianika, huku wakimwomba Mungu upepo uelekee kwa jirani. Shuleni tuliandika kwenye vibao vya mawe, na mwalimu akigeuka tulifuta kwa mate. Tukitoka shuleni tulicheza gari la moshi. Tulijipanga mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele anapiga mluzi, na wa nyuma kabisa ndiye behewa la kuku, kazi yake kulia kama kuku mpaka tufike stesheni ya Bukama. Bukama yenyewe ilikuwa kichuguu nyuma ya nyumba ya jirani. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu hicho hicho. Tuliwala wabichi, mabawa yakabaki kwenye meno, na jioni bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo vikakosa nafasi tumboni, Mama akatuuliza kama tunaumwa.

Mimi naitwa Kabange, kwa hiyo Mluba yeyote anayesoma hapa ameshajua kwamba nina pacha anayeitwa Kyungu. Yeye ndiye aliyetangulia kutoka, na mpaka leo, mvi kichwa kizima, anadai heshima ya ukubwa. Kwetu mapacha si watoto wa kuchezea. Ukimpa mmoja karanga, mpe na wa pili. Ukimchapa mmoja, mchape na wa pili, tena kwa fimbo ile ile, la sivyo yule uliyemruka atakasirika na kuleta balaa nyumbani. Sheria hiyo ilitufaa sana. Mama alikuwa na kazi nyingi, na mara nyingi akikumbuka kwamba kuchapa ni mara mbili, alichoka kabla ya kuanza.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, Mmethodisti wa kola iliyopigwa pasi hata Jumatatu. Mwaka mmoja akapita agronomu, yaani bwana shamba, Mbelgiji wa kaptula na miguu myekundu, akihimiza watu wachimbe mabwawa wafuge tilapia. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaitikia, na hawakuchimba. Baba peke yake ndiye aliyechimba, kwa kuwa mwalimu huona aibu kuulizwa jambo akakaa kimya. Alichimba bondeni nyuma ya mtaa, pale kijito kinapopita. Naomba niseme kweli: alichimba kwa mikono ya wanafunzi wake, na lile likahesabiwa kuwa somo la kupima marefu na mapana. Agronomu akaleta vifaranga vya samaki ndani ya chombo cha maziwa, akasema walishwe majani ya mihogo na mchwa, akaenda zake. Jinsi samaki hao wanavyoishi nyumbani kwao hakutuambia.

Kazi ya kuwalisha tukapewa sisi mapacha, na hapo ndipo kulala kifudifudi kulipoanza.

Dume ndiye tuliyemjua kwanza, kwa sababu ya maringo yake. Wakati wake ulipofika alibadilika rangi, akawa mweusi kama aliyevaa suti. Akaanza kuchimba kwa mdomo. Anajaza mchanga mashavuni, anautema pembeni, anarudi kujaza tena, mpaka chini ya maji pakawa na shimo la mviringo, safi kama sahani iliyooshwa. Kisha akakaa juu ya shimo lake kulilinda. Dume mwenzake akipita, vita. Jike akipita, alimchezea mkia, akatetemeka mwili mzima, akamzunguka huku na huku akimwonyesha njia ya shimoni. Kyungu alimwita Karani, kwani makarani wa ofisi za reli walitembea vivyo hivyo kila Jumapili wasichana walipokuwa wakitoka kanisani. Jike akikubali alishuka, akataga mayai ya manjano kidogo kidogo, na kabla hayajatulia chini aligeuka akayaokota yote kwa mdomo. Akaondoka nayo. Karani hakumsindikiza hata hatua moja. Alikuwa ameshaanza kumchezea mkia mwingine.

Jike yule alikwenda kujibanza kwenye majani, kwenye maji machache, mashavu yamevimba. Hakula. Tulimtupia mchwa wanene, wale ambao hata sisi tuliwatamani, akawatazama tu. Siku zikapita, kichwa kikawa kikubwa na mwili ukakonda. Msimu ule matubwitubwi yalikuwa yamepita shuleni, nusu ya darasa letu ilikuwa na mashavu ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo ugonjwa tuliutambua bila kumuuliza daktari. Dawa ya Mama ya matubwitubwi ilikuwa majivu yaliyochanganywa na mawese, unapakwa tayani. Kumpaka samaki mawese, wenzangu, si kazi ya mtu mmoja. Kyungu alishika, mimi nikapaka, na katika vuta nikuvute hiyo samaki akafungua mdomo, na viganjani mwa Kyungu wakamwagika samaki wadogo wadogo, hai, macho makubwa, wakirukaruka. Kyungu alipiga ukelele, akawarudisha wote majini pamoja na mama yao aliyepakwa mawese. Ndipo tukajua hakuwa mgonjwa.

Toka siku ile hatukutoka bondeni. Tukitulia bila kutikisika, mama alifungua mdomo, watoto wakatoka kundi zima, wakadonoadonoa utelezi juu ya mawe, naye akabaki karibu yao na njaa yake. Kyungu akiinua kofia, kivuli kikaanguka majini. Mama akainamisha kichwa, akarudi nyuma kidogo, na watoto wakaukimbilia mdomo wakigombania mlango, hata maji yakabaki matupu. Kofia ikishuka, wanatoka. Kofia ikipanda, wanaingia. Tulimsumbua mama wa watu mchana kutwa, mpaka mama yetu wa nyumbani alipotuita kwa majina yetu yote, pamoja na yale ya ubatizo.

Basi mwaka huo huo dada yetu Ngoie akaposwa. Kijana mwenyewe aliitwa Ilunga, fundi wa dipo, mtu wa kucheka sana, mwenye grisi kwenye kucha isiyotoka hata Pasaka. Ngoie alimpenda mpaka akakosa faida nyumbani. Chumvi aliitia maradufu au hakuitia kabisa. Tatizo lilikuwa dini. Sisi tulikuwa Wamethodisti, na ukoo wa Ilunga, wakulima wa kijiji kimoja upande wa Bukama, walikuwa Wakatoliki kindakindaki. Wazee wao hawakukataa. Walisema tu kwamba, kama desturi ilivyo, shangazi wa kijana atakuja kukaa kwetu kidogo, ale chakula chetu, alale kwenye mkeka wetu, aione nyumba iliyomlea huyo binti. Neno lake ndilo litakuwa neno la ukoo. Akikubali, ndoa ipo. Akikataa, Ilunga atatafutiwa mke kijijini.

Shangazi Kalenga alishuka kwenye gari la moshi siku ya Alhamisi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye ngozi ya kung'aa, rozari shingoni, na kopo la tumbaku ya kunusa limefungwa kwenye ncha ya kitenge. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kukaa chini aliweza, kwa kujiachia tu, lakini kuinuka hakuweza bila watu wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mama akatutoa sisi tuwe mikono yake.

"Bana ba mpasa!" Shangazi akasema alipoambiwa kwamba tu mapacha, akatupima kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Muzuri. Batoto ba vile banakuwaka na kichwa nguvu. Tutaona kama na mikono iko nguvu."

Mikono ilikuwa na nguvu. Lakini jioni hiyo hiyo tulikwenda na Mama kuchota maji, na jirani yetu Mama Sidonie, ambaye habari hazikukaa tumboni mwake hata kama angezifunga kwa kamba, akamsogelea Mama sikioni.

"Chunga ule mwanamuke," akasema. "Alizala batoto, bote balikufa. Kule kwabo banasema ni yeye alibakula. Njo maana bwana yake alimufukuza."

"Nyamaza, batoto banasikia," Mama akasema.

Batoto walikuwa wameshasikia. Tuliporudi nyumbani na kumshika Shangazi kumwinua, Kyungu alikuwa akichungulia meno yake.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na siku hizo Mkatoliki hakugusa nyama Ijumaa. Baba alikuwa ameingojea siku hiyo kwa furaha ya siri. Samaki wake walikuwa wamekua, na mgeni wa heshima angekuwa wa kwanza kuwaonja. Shangazi akasema ataka kwanza kuona wanakotoka. Tukateremka naye bondeni polepole, ametuegemea, Baba akiwa mbele anaeleza. Shangazi akasimama ukingoni, na kivuli chake, ambacho hakikuwa cha mtu mdogo, kikafunika maji. Mnajua kilichofuata. Jike aliyekuwa pale kwenye majani aliinamisha kichwa, watoto wake wakaingia wote, na mdomo ukafungwa.

"Yoo, mama yangu!" Shangazi alishika rozari. "Iko nakula batoto yake! Muliona? Iko nakula batoto yake ya kuzala!"

Kwa Mluba hakuna neno zito kuliko hilo. Mama anayekula wanawe ni mlozi. Sasa nyumba inayofuga mlozi bondeni, inamlisha mchwa, halafu inampika na kumwekea mgeni mezani, nyumba hiyo ni ya watu gani? Mchana Shangazi alikula bukari na sombe. Bakuli la samaki alilisukuma kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka mwisho wa mkeka. Mimi nilimtazama nikawaza kimyakimya kwamba mlozi kamwona mlozi mwenzake, na nilijiona nina akili sana.

"Minyi siwezi kuoesha mutoto wetu mu nyumba ya vile," akamwambia Mama kwa upole, na ule upole ndio uliotisha. "Siku ya Mungu, kisha Misa, nitapanda gari. Nitasema vile niliona."

Baba alijitetea kimwalimu. Alichukua chaki akachora samaki kwenye mlango wa jikoni, akachora mdomo, akachora mayai, akaweka na mishale, akatia maneno ya Kifaransa katikati. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwalimu, unachoraka muzuri sana," akasema. "Lakini minyi niliona na macho."

Ngoie alijilaza kitandani na nguo zake za kanisani. Tulipompelekea maji alisema hatakunywa. Alisema Ilunga akioa mwingine, yeye atakuwa sista, jambo ambalo binti wa Kimethodisti hawezi kulifanya hata akitaka. Kyungu alipomkumbusha hilo akamrushia mto. Kisha akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika bila sauti. Hatukuwahi kumwona Ngoie akilia bila sauti. Alikuwa mtu wa kulia mtaa mzima usikie. Tulitoka chumbani tukiwa na hofu ya kweli.

Kyungu anasema wazo lilikuwa langu, mimi nasema lilikuwa lake, kwa hiyo tuseme lilikuwa la mapacha. Jumamosi mchana, Shangazi alipokuwa amesinzia mkekani, kopo la tumbaku likajifungua kwenye ncha ya kitenge, likatembea lenyewe mpaka bwawani, likakaa juu ya jiwe lililo kando kabisa ya maji. Nasema lilitembea. Shangazi alipoamka na kupapasa kitenge, tukamwambia kwamba tumeliona kopo bondeni, labda lilimwanguka jana alipostuka. Mnusa tumbaku aliyekosa tumbaku haogopi ulozi. Aliteremka upesi kuliko siku ya kwanza.

Ili kulifikia lile jiwe ilimbidi apige magoti. Akajiachia kwenye nyasi, akanyoosha mkono, akalipata kopo, akanusa, akapiga chafya, akamshukuru Mungu. Kisha akatunyooshea mikono, mmoja kulia na mmoja kushoto.

"Muniamushe," akasema.

Sisi mikono yetu tuliiweka mgongoni.

"Bado, Shangazi," nikasema. "Angalia kwanza."

"Niangalie nini? Muniamushe!"

"Samaki," akasema Kyungu.

Wenzangu, mnajua maana ya mtoto kumwacha mkubwa chini. Tena mgeni, tena shangazi, tena mwenye neno la ndoa ya dada yako mkononi mwake. Nikikumbuka, mgongo unaniwasha hata leo. Alitutukana kwa Kiluba, yale matusi mazuri ya zamani yanayoanza na kichwa cha mtu na kushuka bila haraka. Lakini nyimbo za kuzaliwa kwa mapacha kwetu zimejaa matusi, tulizaliwa tukiimbiwa hayo hayo, tukayapokea kama salamu. Akajaribu kuinuka mwenyewe, akashindwa. Akaita, lakini bonde lilikuwa mbali na nyumba, na Jumamosi mchana wanawake wote wako sokoni. Mwishowe akachoka.

"Rudia nyuma kidogo, Shangazi," Kyungu akamwomba kwa adabu kubwa. "Kivuli yako njo inabaogopesha."

Akajisogeza nyuma, akakaa vizuri kwenye nyasi, nadhani ili apumzike apate nguvu za kututukana upya. Kivuli chake kikatoka majini.

Jike alikuwa pale pale kwenye majani, mdomo umefungwa. Tukangoja. Mashavu yake yalivimba na kunywea, yakavimba na kunywea, na mdomo haukufunguka. Hapo sasa hofu ikaniingia mimi. Je, kama watoto wamekua wamekwenda zao? Je, kama tumemwonyesha Shangazi samaki asiye na kitu mdomoni, na huyu ni mgonjwa wa matubwitubwi kweli? Niliona Ngoie amelala na nguo za kanisani maisha yake yote, na sisi tumemkalisha mgeni kwenye nyasi bure. Kyungu alikuwa ameuma mdomo wake wa chini. Kereng'ende alitua juu ya rozari ya Shangazi, akatulia, akaruka.

Halafu mdomo ukafunguka kidogo, akatoka mmoja. Alisimama mbele ya uso wa mama yake, mdogo kama punje ya mchele yenye macho. Akatoka wa pili, na mwingine, kisha wakamwagika wote, wakatawanyika juu ya mawe, wakaanza kudonoa.

"Banatoka," Shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Banatoka bote. Bako bazima."

Alinyoosha mkono bila kufikiri. Kivuli cha mkono kikapita juu ya maji, nao wakarudi ndani mbio. Safari hii hakupiga kelele. Aliuondoa mkono taratibu, akangoja mwenyewe bila kuambiwa, mpaka walipotoka. Akaunyoosha tena. Wakaingia. Akauondoa. Wakatoka. Mwanamke mzima mwenye rozari alikuwa anacheza mchezo wetu wa kofia, nasi tulianza kutekenyana kwa furaha, mpaka tulipomwona usoni. Alikuwa analia.

"Na minyi banasemaka vile," akasema, na sidhani kama alikuwa anatuambia sisi. "Banasema nilikula batoto yangu. Surua njo ilibabeba. Homa ilibabeba. Minyi njo nilibazika. Na hakuna muntu alikaa chini, hata siku moya, aniulize."

Mtoto akimwona mkubwa analia, dunia inakuwa haina mlango. Kyungu, ambaye Mungu hakumpa uwezo wa kunyamaza, akasema:

"Na sisi tulisikia vile, Shangazi. Kule ku maji."

"Mulisikia. Na muliamini?"

"Kidogo," akasema Kyungu. "Minyi niliangalia meno yako."

Nilidhani tumekwisha. Shangazi alimkazia macho. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kicheko kikubwa, machozi na kamasi na tumbaku vikachanganyika, akawa anajipiga mapaja.

"Na uliona nini mu meno?"

"Sombe," Kyungu akajibu.

Alicheka mpaka samaki wote wakajificha. Kisha akatunyooshea mikono tena. "Sasa muniamushe, batoto babaya," akasema. Tukamshika, mmoja kulia na mmoja kushoto, tukamwinua.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia Mama jinsi tulivyomwacha chini. Alisimulia akicheka. Mama hakucheka. Fimbo ilikuwa moja, kama sheria inavyotaka, na siku hiyo Mama hakuchoka.

Jumapili asubuhi Ilunga alikuja, kola imemkaba, kumsindikiza shangazi yake kanisani na kupokea hukumu. Shangazi alikuwa ameketi mkekani, na kwanza akaomba samaki. Haikuwa Ijumaa, Kanisa lake halikumdai. Akasema mama mwenye watoto asiguswe, aletewe yule bwana wa kuchezesha mkia tuliyemsimulia habari zake. Basi tukamkamata Karani, akakaangwa kwa mawese, na Shangazi akamla mbele ya watu wote mpaka kichwa, akanyonya na mifupa. Ngoie alisimama mlangoni ameshika sinia kana kwamba ndilo linalomzuia asianguke. Shangazi akafuta vidole, akamgeukia Baba.

"Mwalimu," akasema, "mutoto wenu njo wetu."

Ngoie aliangusha sinia, na sasa alilia mtaa mzima ukasikia. Ndoa ikafungwa kiangazi kile. Walibarikiwa katika kanisa gani, mtauliza. Hiyo ilikuwa vita nyingine, na haina samaki ndani yake.

Leo nikipita bondeni naona nyumba zimebanana, na mahali palipokuwa na bwawa vijana wanaosha pikipiki, sabuni inatiririka, muziki juu. Si wabaya. Wakiniona wananiita bibi na kunipisha. Lakini wana haraka. Habari ya mtu inafika asubuhi, mchana wameshaijua yote, jioni wameshamhukumu. Na mama zao wameogopa kila kitu. Mtoto hapelekwi tena kwa shangazi kulelewa. Hapelekwi hata kwangu mimi kwa likizo bila kuulizwa maswali kama ya polisi: nani anapika, nani anakuja pale nyumbani, nani jirani. Sisi tulipelekwa kwa kila mtu. Tulipigwa na kila mtu, tukalishwa na kila mtu, na tukarudi tumenenepa.

Ngoie alizaa msichana. Mara tu alipomwachisha ziwa, akasema anampeleka kule upande wa Bukama akalelewe na Shangazi Kalenga, kama ilivyokuwa desturi kumpa shangazi wa mume mtoto wa kwanza. Mama Sidonie alikuja kumwonya. Wanawake wengine wa mtaa walikuja kumwonya. Hata Mama, aliyempenda Shangazi, alimwambia asubiri kidogo, kwa vile maneno ya watu hayajafa. Ngoie alikuwa hajafika hata miaka ishirini. Alimfunga mtoto mgongoni akapanda gari la moshi, nami nikafuatana naye kubeba kikapu. Kijijini wanawake walitoka milangoni, wakasimama, wamekunja mikono, wakingoja waone. Ngoie akapita katikati yao, akamfungua mtoto, akamweka mapajani mwa Shangazi Kalenga, mchana, mbele ya kila mtu. Shangazi alimshika yule mtoto, kwanza kwa vidole, halafu kwa mikono yote.

Tuliporudi, Ngoie alilia njia nzima mpaka Kamina, maziwa yamelowesha blauzi. Lakini hakurudi kumchukua.